Mama Yake Yaya Alikuja Mara Tatu

14 Februari 1993

Kaka,

Pokea salamu za nyumba nzima, na zangu zitangulie. Picha ya binti yako akiwa na joho la kuhitimu imefika bila kukunjika. Shemeji yako ameitundika juu ya cherehani yangu, na sasa kila mteja anayekuja kupimwa lazima aambiwe huyo ni nani. Kuna mmoja alikuja kwa ajili ya kitufe kimoja tu, akaondoka anaujua ukoo wetu wote. Mwambie shangazi yake anamshonea gauni, ila anitumie vipimo vya kweli, asijipunguze kiuno kama mara ile.

Shemeji yako ni mzima. Goti bado linamsumbua lakini karakana haachi, anasema mbao hazimwulizi habari za goti. Bati la chumba cha marehemu Baba lilikuwa linavuja, ameliziba.

Sasa la Yaya. Tangu mwezi wa kumi na mbili alikuwa anapungua mwili, mimi nikasema ni uzee. Akiulizwa anajibu hana kitu, unamjua. Wiki iliyopita alianguka uani na beseni la nguo mkononi, ndipo tukampeleka hospitali. Ana uvimbe kwenye ini na umeshaenea. Daktari alinitoa nje, akaniambia kwa upole tuhesabu miezi, tusihesabu miaka. Kisha akashika kalamu ajaze fomu. Umri? Nikamwambia sijui, aliletwa kwetu akiwa na miaka kama mitano, Mama akiwa hajapata mtoto bado, kisha ukazaliwa wewe akakubeba mgongoni, na wewe sasa una hamsini na mbili, basi apige hesabu mwenyewe. Jina la mgonjwa? Nikasema Yaya. Ni nani wako? Nikasema ni yaya wetu. Kaka, alinitazama mimi na mvi zangu hizi, akaandika kitu ambacho sikukisoma.

Tumemhamishia chumba cha Baba. Hakutaka kabisa kutoka kwenye kile chumba chake cha nyuma ya jiko. Siku ya kwanza nilimkuta amelala sakafuni, pembeni ya kitanda, eti asichafue mashuka. Nikamgombeza mpaka akapanda.

Ana ombi moja tu. Ile tafsiri ya Kiswahili ya kitabu chako imefika, na safari hii sina kisingizio cha lugha. Miaka kumi na minane amekuwa anakipangusa vumbi kile cha kwanza kabatini, na akiniuliza kinasema nini namjibu hata mimi hakinipandi. Sasa anataka nimsomee kitabu cha mtoto wake, chote, kabla hajaondoka. Tunasoma kila alasiri nikishafunika cherehani. Ukurasa mmoja anasinzia, mwingine anaamka na kusema, “Hapo ameandika vizuri.” Mletee neno, Kaka. Neno lako litamfaa kuliko vidonge.

Mdogo wako,
Fundi


20 Machi 1993

Mdogo wangu Fundi,

Barua yako imekaa njiani karibu wiki tano, nimeipokea leo asubuhi chuoni huku ng'ambo na kuisoma nimesimama kwenye korido. Sisi hatujambo. Wifi yako amefanywa msimamizi wa wodi na sasa anatupangia zamu hadi za kuosha vyombo nyumbani. Vipimo vya binti vimo humu. Nimempima mwenyewe kwa rula ya chuma ya ofisini, kwa hiyo gauni likibana, nilaumu mimi.

Habari ya Yaya imenikata maini. Mwambie mtoto wake anamsalimu, na kwamba bado nakumbuka harufu ya khanga yake ya mgongoni. Mwambie ajikaze.

Mimi niko katika pilikapilika. Mwezi wa nane chuo kitanipa nishani kwa kazi ya miaka ishirini na mitano juu ya utumwa na kufutwa kwake. Nitatoa hotuba mbele ya watu mia tano, na kila siku wanapiga hodi ofisini: mara wanataka picha, mara wanataka kichwa cha hotuba. Madaftari yangu ya zamani yamejaa sakafuni, napita kwa kurukaruka.

Kuhusu kitabu, nakuomba usimchoshe. Kiliandikwa kwa ajili ya wasomi, na wasomi wenyewe hulala juu yake. Msomee sura ya kwanza na ya pili, zina safari na watu. Kuanzia ya tano ni takwimu na tanbihi tupu. Ya sita iruke kabisa. Nakuomba sana, Fundi. Mgonjwa anahitaji mambo mepesi.

Kaka yako


2 Mei 1993

Kaka,

Tumepata barua yako. Gauni nimelikata. Shemeji yako anasalimu.

Ilikuja imechelewa. Tulikuwa tumeshafika sura ya sita siku tatu kabla, na hata kama ingewahi, Yaya asingekubali niruke. Ukurasa wowote nikiupindua haraka ananiuliza, “Huo hauna maneno?”

Nakunakilia maneno yako, usije ukasema nimetia chumvi:

“Utumwa ulipofutwa na sheria haukutoka majumbani siku hiyo hiyo. Miaka mingi baadaye, katika nyumba ya mwalimu mkuu mmoja, msichana aliletwa akiwa na miaka mitano kwa ahadi kwamba atasomeshwa. Hakusomeshwa, wala hakulipwa. Kiganja chake cha kushoto kina kovu la pasi ya mkaa aliyoanza kuishika akiwa na miaka saba. Mama yake alitembea siku mbili kuja kumdai, mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa mtoto ameshazoea. Mara ya pili, arudi baada ya mavuno. Mara ya tatu mtoto mmoja wa nyumba hiyo alitumwa mlangoni kumwambia kwamba msichana amehamia mji mwingine. Wakati huo msichana alikuwa uani, anafua.”

Nilikuwa nasoma kama ninavyosoma siku zote, mbiombio, akili yangu iko kwenye gauni. Nikafika kwenye pasi. Yaya akatoa mkono wa kushoto chini ya shuka, akaufungua, akautazama. Nikaweka kidole kwenye mstari. Akasema, “Endelea.” Nikaendelea mpaka uani. Akasema, “Rudia pale pa mama.” Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, na tena, na mara ya nne nikakifunga kitabu.

Wewe unajua alichoambiwa maisha yake yote. Mama yetu mwenyewe alikuwa akimwambia mbele yetu, tena akicheka: “Mama yako alikuacha hapa wala hakugeuka nyuma.” Sisi tulikulia humo. Mimi niliwahi kumwambia hivyo hivyo siku aliyonikatalia peremende, nikiwa na miaka saba. Alinipa ile peremende.

Kaka, yeye hakulia. Aliniambia, “Kumbe alikuja.” Halafu akageukia ukutani hadi asubuhi, hakutaka uji wala dawa. Kulipokucha akaniita. Anataka kujua kwao ni wapi. Anakumbuka mto ambao watu walikuwa wanavuka kwa kushika kamba, na mama yake akimwita Kidogo kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wenzake. Basi, hana zaidi. Jina la mahali halikumbuki, la mama yake hakuwahi kulijua, kwani mtoto wa miaka mitano anamwita mama yake nani zaidi ya Mama?

Nimepekua sura nzima, naona mahali umepaita kwa jina la kubuni, na tanbihi inasema “Mtoa habari namba 17”. Namba kumi na saba ni Baba, sivyo? Ni ule mwaka aliougua, wewe umekaa pembeni ya kitanda chake na daftari, na mimi nawaletea chai nikidhani mnaongea mambo ya shule.

Sikuulizi kwa nini. Hilo tutaligombania baadaye, na tutaligombania kweli. Sasa hivi niandikie jina la mahali na jina la mama yake. Daktari ameshapunguza miezi.

Fundi


11 Juni 1993

Mdogo wangu mpendwa,

Nategemea barua hii itawakuta wazima kiasi. Hapa baridi imekuwa ndefu mwaka huu na wifi yako anakohoa. Binti ameanza kazi kwenye maktaba, anafurahia.

Barua yako nimeisoma kwa uzito wake. Naomba nikueleze utaratibu wa kazi yetu, maana naona umefikia hitimisho haraka. Mtafiti akikusanya kumbukumbu za watu, huahidi kuwaficha. Kila mtoa habari hupewa namba, na kila mahali hupewa jina jingine. Orodha inayoonyesha namba fulani ni nani na mahali fulani ni wapi hutiwa kwenye bahasha, hubandikwa lakiri, na huhifadhiwa katika nyaraka za chuo. Bahasha zangu haziruhusiwi kufunguliwa hadi miaka ishirini baada ya kifo changu. Kanuni hiyo niliitunga mimi nikiwa mwenyekiti wa kamati. Kuivunja, hata kwa mwenye bahasha mwenyewe, kunataka maelezo kwa maandishi mbele ya kamati hiyo.

Aidha, ni kawaida katika uandishi wetu kuchanganya maisha ya watu kadhaa katika mfano mmoja. Msichana wa sura ya sita si lazima awe mtu mmoja. Kovu la pasi walikuwa nalo wengi. Ningependa Yaya asijiumize kwa jambo ambalo huenda halimhusu.

Na tukumbuke Baba alikuwa mtu wa namna gani. Watu mia ngapi walijua kusoma kwa ajili yake? Waliomzika walijaza barabara.

Nimetuma kifurushi cha blanketi jepesi kwa ajili ya mgonjwa. Mpe, umwambie linatoka kwangu.

Kaka yako


27 Juni 1993

Kaka,

Wote wazima isipokuwa mgonjwa.

Blanketi limefika. Nimemfunika nalo sikusema limetoka kwa nani.

Nimepiga simu ofisini kwako kutoka posta mara mbili. Karani wako anasema uko darasani. Mara ya pili nilikusikia unakohoa nyuma yake.

Usinipige chenga na mambo ya kuchanganya watu. Kovu hilo nimekua nikiliona kila siku likinikanda mgongo nikiwa na homa. Na mimi si wa kumrushia mtu mawe, mimi ambaye mpaka mwaka jana alikuwa ananipigia pasi nguo za wateja na nikiwaambia watu ni kama dada yangu. Ningekuwa na dada, ningemlaza nyuma ya jiko? Nimeyafikiria hayo kwenye cherehani hadi nimejidunga sindano. Lakini mimi ni mjinga wa mambo haya, sikusoma. Wewe umeyasoma hadi wanakupa nishani.

Nakuuliza moja tu. “Mtoto mmoja wa nyumba hiyo.” Mara ya tatu ni mwaka gani? Nyumba yetu ilikuwa na watoto wawili.

Anakula vijiko vitatu kwa siku. Kila posta ikija ananitazama mikono.

Fundi


24 Julai 1993

Fundi, mdogo wangu,

Telegramu niliyoituma leo asubuhi natumaini unayo. Ina jina la mahali, jina la mama yake, na jina lake mwenyewe alilopewa siku aliyozaliwa. Nimeyarudia kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii kwa herufi kubwa, kama telegramu imeyaharibu. Mto upo kaskazini ya mahali hapo. Baba alisema wanavuka kwa kamba.

Wifi yako anakusalimu. Yeye ndiye aliyenikuta nimekaa na barua yako ya mwisho, akainyang'anya, akaisoma, akaniuliza swali lako lile lile. Tumeoana miaka ishirini na saba na sikuwahi kumwambia.

Ilikuwa mwaka wa hamsini. Nilikuwa na miaka tisa na wewe minne, ulikuwa umelala. Baba aliona kupitia dirishani mwanamke anakuja kwenye kijia, akamjua. Akaniita, akaniambia nenda mlangoni, sema msichana amehama, hayupo hapa. Nikafungua mlango. Alikuwa na vumbi hadi magotini na kifurushi amekikumbatia. Aliinama ili anitazame usoni, akanisalimia vizuri sana, na akanishukuru kwa kumfungulia. Nikamwambia amehama. Akaniuliza, wapi?

Hilo la wapi Baba hakunifundisha. Nililitunga mwenyewe. Nilitaja mji wa mbali kuliko yote niliyoijua kwenye ramani ya darasani, ili asirudi tena. Nilijua ni nani, Fundi. Nilijua amekuja kumchukua Yaya wangu, na nilidanganya kwa moyo mkunjufu kabisa. Kisha nikakimbia uani, nikamkumbatia Yaya miguuni, naye akaniuliza nimeota nini mchana huu.

Mwaka wa sitini na nane, nikiwa najifunza kukusanya kumbukumbu, nilianza na Baba kwa sababu alikuwa karibu na alikuwa anakufa. Alinieleza yote bila kuficha, kama mtu anayetaja majina ya wanafunzi. Nikayaandika. Nilipofika kwenye mlango nikaandika “mtoto mmoja”, na yeye aliona nimeandika hivyo, hakunisahihisha. Nikampa namba kumi na saba badala ya moja, asitambulike. Nikafunga lakiri. Sura ya sita ndiyo iliyonipa jina. Wanafunzi wanaisoma kwa sauti darasani, wengine wanatokwa na machozi, na mimi husimama mbele yao nikisema huo ndio ushahidi. Nilikuja nyumbani likizo mara ngapi baada ya hapo? Alinifulia mashati, nami nikamwachia.

Nilikuwa na hakika kwamba sikumbuki jina la mahali. Na kweli sikuwa nalikumbuka. Nilikuwa nimeliandika lile la kubuni mara nyingi mno, katika makala na mihadhara, hadi la kweli likafutika kabisa kichwani. Ndivyo kazi hii ilivyonifanyia, au ndivyo nilivyoitumia.

Kamati ilikaa jana. Watu watano na meza ndefu. Mhifadhi wa nyaraka ni binti niliyemfundisha mwenyewe, ndiye aliyelazimika kuuliza. “Profesa, namba kumi na saba ni nani wako?” Nikasema baba yangu. Kalamu yake ikasita. “Na msichana?” Nikasema ndiye aliyenilea. Aliandika, hakuinua kichwa. Kisha akavunja lakiri kwa kisu cha karatasi, akanipa nisome mwenyewe. Nilipoliona jina la mahali nililitambua mara moja, nikashangaa ningelisahauje.

Nimeandika kwa mkuu wa chuo kwamba nishani siichukui na hotuba siitoi. Wamenijibu kwa heshima kwamba wananielewa. Sijui wameelewa nini.

Msomee barua hii yote, usiruke kitu. Halafu uniambie amesema nini juu yangu. Akisema nije, nitakuja siku hiyo hiyo. Nimeshaandika barua ya likizo, tarehe tu ndiyo sijaijaza.

Kaka yako


3 Oktoba 1993

Kaka,

Salamu. Wote tuko salama. Gauni la binti nimelikamilisha, limekaa kwenye hanga toka mwezi wa nane, nitalituma nikipata nguvu ya kwenda posta.

Najua umesubiri. Umeniandikia barua mbili nami nimezipokea. Nilikuwa nakaa kuandika, nainuka. Nitakueleza kwa mpangilio ili nisije nikapotea.

Telegramu ilifika tarehe ishirini na sita, herufi zote nzima. Nikamsomea jina lake. Alilisikiliza kama anapimwa kiatu, akasema, “Hilo.” Nikamsomea la mama yake. Hilo alilirudia mwenyewe, polepole, siku nzima. Nilikuwa namsikia hadi chumba cha cherehani. Shemeji yako hakungoja goti wala nini, alipanda basi kesho yake. Alirudi baada ya siku sita na habari kwamba mama yake Yaya alifariki mwaka wa sitini na moja, lakini yupo mdogo wake Yaya wa kiume, seremala kama yeye, na kwamba mtu huyo aliposikia aliweka randa chini akaomba aambiwe tena.

Mdogo wake alikuja tarehe ishirini Agosti na wanawe wawili na gari la kukodi. Mtu mfupi, mpole, ana paji la uso la Yaya. Alikataa chai yangu. Si kwa jeuri, alisema tu, “Ahsante, hatukai.” Alipiga magoti kando ya kitanda akajitaja ni nani, na Yaya akamshika masikio kama anavyowashika watoto. Waliongea kidogo sana. Kisha akaniuliza vitu vya dada yake viko wapi. Nikamwonyesha. Kaka, miaka hamsini na sita, na vilienea kwenye begi moja la mkononi na nafasi ikabaki. Nilitaka kutia blanketi lako juu, Yaya akalitoa akanirudishia.

Wakati wa kuagana aliniosha uso kwa mikono yake kama zamani, maana nilikuwa nimeharibika kwa kulia. Akaniambia nisisahau kumeza dawa za presha. Basi. Wakamwingiza garini.

Alikaa kwao siku tisa. Alifariki tarehe thelathini. Walituma mtu kutuambia, hawakulazimika, lakini walituma. Nilikwenda na shemeji yako. Tulikaa nyuma, hakuna aliyetufukuza wala aliyetusogezea benchi. Mdogo wake alisimama kueleza historia ya marehemu. Alitaja jina lake, lile, na watu wote walilijua, mimi ndiye niliyekuwa naligeuzageuza kichwani. Alisema alizaliwa mahali hapa, akapotea akiwa na miaka mitano, akapatikana mwaka huu, na amepumzika kwa mama yake. Dakika tano, hata hazikufika. Alieleza pia jinsi mama yao alivyomtafuta: kwamba safari ya tatu aliambiwa mtoto amehamia mji fulani, akaenda mji huo kwa miguu na kwa malori, akakaa miezi minne akiuliza mlango kwa mlango. Alirudi na kifua ambacho hakikupona. Aliutaja mji. Ni ule ule wa kwenye ramani yako. Sikutaka kukuandikia hili, na wiki nyingi ndilo lililokuwa likiniinua kitini.

Mzee mmoja akauliza, “Na katikati ya hapo alikuwa wapi?” Mdogo wake akanitazama. Wote wakageuka. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye basi: kwamba alitulea, tulimpenda, alikuwa kama wa kwetu. Nilisimama. Nikasema, “Alikuwa nyumbani kwetu. Sisi ndio tuliomchukua.” Nikakaa. Wakaendelea na mazishi yao.

Sasa uliloniuliza. Nimelizunguka toka nilipoanza kuandika, wewe mwenyewe umeliona.

Barua yako ya kufungua mlango ilifika tarehe kumi na saba, siku tatu kabla hawajaja kumchukua. Nilimsomea yote, sikuruka hata neno. Nilipofika pale ulipomkumbatia miguuni aliniashiria nisimame kidogo, kisha niendelee. Nilipomaliza akasema, “Alikuwa mtoto. Mtoto anatumwa.” Niliruka kwa furaha, Kaka, nikaanza kuikunja barua, nikawa nawaza nikimbie posta jioni ile ile nikwambie uje.

Akaniuliza, “Kitabu alikiandika ana miaka mingapi?”

Nikahesabu. Nikamwambia thelathini na minne.

“Basi alikuwa mtu mzima,” akasema, na akaniomba nimsaidie kukaa, anataka kuchana nywele zake.

Hakusema jingine juu yako, siku ile wala zilizofuata, nami sina la kukuongezea.

Mdogo wako